Bado na Sitaki

Mtaani walimwita Bubu, ingawa hakuwa bubu. Alikuwa kiziwi, na kicheko chake kilivuka barabara na kuingia madukani kwa watu. Nyumbani kwao jina lake lilikuwa kidole cha shahada kugonga sikio. Baadaye, darasani kwangu, wenzake walimpa jina la kubana vidole viwili kwenye mdomo, kwa sababu siku ya kwanza alikuja ametoka moja kwa moja kwenye cherehani, pini zikiwa bado zimebanwa kati ya midomo yake. Nitamwita Pini. Ndilo jina pekee alilolipenda.

Homa ilimchukua masikio kabla hajajua kutembea. Baba yao alikuwa ameshazikwa, na mama yao alishonea watu nguo kutwa nzima kwenye chumba cha mbele, kwa hiyo malezi yalimwangukia dada yake, ambaye naye alikuwa mtoto tu. Yule dada ndiye aliyemtengenezea lugha. Nasema kumtengenezea kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Waliokota alama mojamoja, kama watoto wanavyookota vifuniko vya chupa.

Nimefundisha lugha ya alama kwa viziwi watu wazima karibu maisha yangu yote, na kila nyumba yenye kiziwi mmoja nimekikuta kijilugha chake. Cha nyumba hii kilikuwa na mambo yake. Mvua ilikuwa vidole kuchezacheza juu ya utosi. Jana na kesho zilikuwa alama moja, mkono kutupwa nyuma ya bega, na ulitakiwa umtazame mtu usoni ujue anazungumzia ipi. Njaa, kutaka na kupenda vyote vilikuwa ngumi juu ya tumbo. Hapakuwa na "kama", hapakuwa na "labda", hapakuwa na "kwa nini". Na kiganja kikisukumwa mbele kilikuwa na maana mbili: sitaki, na bado. Kilianza wakati wa uji. Mtoto anausukuma uji, na mlishaji hajali kama amekataa au anangoja upoe.

Dada mtu aliilinda lugha ile kama mali yake. Jirani akijaribu kumpungia Pini vidole, Dada alimpiga kofi mkononi huku anacheka. "Usimchanganye," alisema. "Huyu anaelewa kwangu tu." Na kweli ikawa hivyo.

Walipokua, Pini alirithi cherehani na Dada akarithi kuzungumza. Mteja alisimama mbele ya dirisha, akamwambia Dada anachotaka, Dada akageuza kwa mikono, Pini akashona. Alishona vizuri kupita mama yao. Mwanamke mmoja mnene aliwahi kusema, "Mwambie aniachie nafasi kiunoni." Dada akamgeukia mdogo wake na kufanya: huyu, kiboko, nguo, pana. Pini akaangua kicheko chake kile. "Anacheka nini?" mteja aliuliza. "Amefurahi kukuona," Dada akajibu, uso mkavu.

Ilikwenda pande zote mbili. Siku za mvua, wateja wachache wakiwa wamejibanza pale dukani, Dada aliwaambia, "Huyu mtukaneni mnavyotaka, ilimradi mtabasamu. Atawashukuru." Wakajaribu. Mmoja akamwambia kwa tabasamu pana kwamba ana sura ya kwato. Pini akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, asante. Walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Hata waliokuja kwa nia njema walicheka. Pini naye akacheka pamoja nao, kwa nguvu kuliko wote, maana alipenda duka likiwa na furaha.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya Seremala. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, ambaye msumeno wa umeme ulikuwa umemla kidole cha pete cha mkono wa kulia. Alivuka barabara mwaka ambao mama yao alipigwa na kiharusi. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Kwa hiyo siku Seremala alipokuja, ndani ya nyumba ile aliyebaki na lugha mbili alikuwa Dada peke yake.

Alikuja na meza ya kukatia nguo aliyoitengeneza kwa mikono yake, imepigwa msasa mpaka hariri isingenasa popote. Aliiweka katikati ya chumba. Akavua kofia, akazungumza kwa muda mrefu. Pini alikumbuka kwamba midomo ilikuwa inamwelekea Dada lakini macho yalikuwa yanamtazama yeye.

Dada aligeuza: mtu, mbao, wewe, ngumi juu ya tumbo.

Pini alielewa. Uso ulimpata moto. Alionyesha chumba cha nyuma, akalaza kichwa juu ya mikono kumwonyesha mama kitandani, halafu akasukuma kiganja mbele taratibu. Bado.

Dada akasema na Seremala maneno machache. Yule bwana akaitazama sakafu. Akasema tena jambo, safari hii fupi, na Dada akacheka puani kabla ya kugeuka. Mikono yake ikasema: sauti, wewe, mbuzi, kelele, huyu aondoka.

Seremala akavaa kofia akatoka. Meza akaiacha.

Tangu siku ile mtaa haukukisikia tena kicheko cha Pini. Kikimjia, alichukua kipande cha kitambaa mezani na kujiziba mdomo, mabega yakitikisika. Wateja walidhani amekuwa na adabu za kikubwa. Dada aliwaambia kwamba amekomaa.

Mwaka haukwisha. Dada alianza kuvuka barabara na birika la chai, ati kumpoza yule mwanaume na aibu aliyoipata, akawa anakawia kurudi. Kisha ikatangazwa ndoa. Gauni alilishona Pini. Dada alisimama juu ya kiti na Pini akazunguka chini yake kwa magoti, akibana pindo. Aliniambia baadaye kwamba hakumchukia mtu. Aliona ni sawa kabisa kwamba mwanaume amechagua mwanamke ambaye sauti yake si ya mbuzi. Alilirudia lile pindo usiku kucha katika kichwa chake, kwa sababu upande wa nyuma lilikuwa limepanda kidogo na hakuna mwingine aliyeliona.

Mama alikufa muda mfupi baada ya harusi. Seremala akahamia kwao, na Pini akahamishiwa chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha mama. Walikaa hivyo miaka mingi, watu watatu, bila mtoto. Shemeji na shemeji walisalimiana kwa kichwa asubuhi na kwa kichwa jioni. Kukiwa na la kusema, Dada alikuwepo katikati.

Kwangu Pini alifika akiwa ameshavuka arobaini. Darasa lilikuwa stoo ya zahanati, madirisha makubwa upande mmoja, mwanga mzuri wa alasiri, maana bila mwanga sisi hatuzungumzi. Aliletwa na mteja wake aliyekuwa na mtoto kiziwi. Wiki za mwanzo alitaka majina tu. Alishika kiti, akanitazama. Alishika mlango, akanitazama. Alipojua kwamba kila kitu chumbani kina alama yake na hakuna anayemzuia kuichukua, alianza kuja mapema na kunisubiri kizingitini.

Tatizo lilikuwa "kama". Nilimwonyesha mwavuli, nikamwambia: kama mvua ikinyesha, nitaufungua. Akatazama nje. Jua. Akanitazama kama mtu anayetazama mwongo. Mvua haipo, alisema, kwa nini unasema ipo? Akakasirika, akaenda kukaa kona. Tulikwama hapo kwa majuma. Kisha alasiri moja, nikiwa namfundisha mwingine kabisa, nilimwona amekaa wima, macho yamemtoka. Ameelewa. Mikono yake ikaanza yenyewe, polepole: kama mama asingeugua... Ikasimama hewani. Akaishusha mapajani na kuiangalia.

Watu hudhani viziwi wa dunia nzima wana lugha moja. Aliwahi kututembelea kiziwi mmoja msafiri, ametoka nchi ya mbali sana, na darasa zima likataka kumkaribisha. Tukampa alama yetu ya "karibu". Akarudi nyuma hatua, amehamaki. Kwao ile ilikuwa amri ya kumfukuza mbwa. Yeye naye alituonyesha herufi zao, na kumbe kule wanatumia mikono miwili kwa herufi tunazotumia mmoja. Pini alicheka sana siku ile. Kitambaa mdomoni.

Nilimwalika na Dada aje kujifunza. Nilimkuta dirishani anapima kitambaa kwa mkono.

"Za nini, Mwalimu?" alisema. "Alama zako hizo za vitabuni. Mimi naongea naye tangu ananyonya."

"Ana maneno mengi sasa, dada. Utaachwa nyuma."

"Niachwe wapi? Anarudi kulala kwangu huyu."

Wakati huohuo Seremala alikuwa anazimika. Ule msumeno ulikuwa umemla kidole mara moja, lakini masikio uliyala kidogokidogo, kila siku ya kazi, na hakuziba hata siku moja. Kwanza zilipotea sauti za ndege, kisha za wanawake, kisha za watu wote. Daktari alimwambia mshipa umekufa na haufufuki. Dada alianza kwa kumpigia kelele. Baadaye akachoka, akaacha kumsemesha kabisa, na wageni wakija alimsema mbele yake kama anavyosema kiti kibovu. "Huyu naye ameshaondoka," aliwaambia. "Nyumba yangu ina viziwi wawili. Mimi nimebaki kuongea na sufuria."

Pini ndiye aliyeanza kumfundisha shemeji yake, mezani, kwa kumwonyesha kijiko na kikombe. Alipoona anashika, alimleta darasani. Alikuwa na haya kama mtoto mpya wa shule, yule mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kwa sababu ya kidole kilichopotea, herufi zake kadhaa zilitoka pungufu, na wanafunzi wangu walifurahi mno. Walisema ana lafudhi. Walimwigiza kwa kukunja kidole cha pete, na yeye akawa anacheka.

Ilitokea kwenye zoezi la kawaida tu. Nilikuwa nafundisha "kwa nini", nikawaambia kila mmoja amuulize jirani yake swali moja. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa nini hanyoi ndevu. Mwingine kwa nini anachelewa. Nikafika kwa Seremala. Alikuwa amemgeukia Pini, na mikono yake ilikuwa inasema:

"Kwa nini ulinikataa?"

Nikadhani amekosea alama. Pini naye akadhani hivyo, akamrekebisha: je, unataka kusema "ulinikatia", kitambaa? Seremala akatikisa kichwa. Akaiandika hewani, herufi kwa herufi, kwa vidole vyake vile vyenye kilema. U-l-i-n-i-k-a-t-a-a.

"Sikukukataa," Pini akasema. "Nilisema bado. Mama alikuwa mgonjwa."

"Dada yako alisema hutaki. Alisema hutaki hata kuniona dirishani."

"Wewe ndiye uliyeondoka. Ulisema sauti yangu ni ya mbuzi."

Seremala akamtazama. Akaandika m-b-u-z-i, akainua nyusi. Mbuzi?

"Mbuzi," Pini akasema.

Darasa lilikuwa limeanza kugundua. Mikono ilikuwa inashuka, mmoja baada ya mwingine, na hiyo kwetu ndiyo kunyamaza.

"Nilimwambia akwambie usiache kucheka," Seremala akasema. Alisita kutafuta alama ya msumeno, akaikosa, akaitumia ile ya mashine. "Nikizima mashine, nilikisikia kicheko chako. Ndicho kilichonivusha barabara. Basi, ukinikataa, nilitaka kisiishe."

Pini alifungua mdomo. Hakuchukua kitambaa. Alitaka kumpa kile kicheko palepale, nilimwona anajaribu, misuli ya shingo imesimama. Ikatoka sauti. Haikuwa kicheko. Ilikuwa nzito, imekwama, kama mlango uliovimba kwa unyevu unaolazimishwa kufunguka. Seremala alikuwa anautazama mdomo wake kwa hamu, anangoja. Mle ndani mwenye masikio nilikuwa mimi peke yangu, na sauti yote ikanijia mimi.

Kesho yake Pini alikuja kuniomba niende nyumbani kwao. "Nataka kuzungumza na dada yangu," alisema. "Sitaki mikono yake. Nataka ya kwako."

Kazi ya mkalimani ina sheria moja ambayo huwashangaza wageni. Hatusemi "anasema kwamba". Tunasema "mimi". Mtu akisema nimeiba, mkalimani anasema nimeiba, kwa mdomo wake au kwa mikono yake. Nilimweleza Dada hivyo mlangoni. Akacheka.

"Karibu, Mwalimu. Mbona unakuja na uso wa mahakama?"

Tulikaa kuizunguka ile meza ya kukatia nguo. Seremala alikaa karibu na dirisha, ananitazama mikono.

"Nilisema bado," nikasema kwa niaba ya Pini. "Ulimwambia nini?"

Dada hakushtuka. Nadhani alikuwa amejiandaa miaka yote ile. "Nilimwambia ulichosema. Alama ni moja. Bado na sitaki, alama moja, wewe mwenyewe unajua. Ningejuaje?"

Pini akafikiri. "Na mbuzi? Mbuzi naye alikuwa na alama ngapi?"

Palikuwa na mkasi mezani. Dada akaufungua, akaufunga.

"Wakija dirishani wanazungumza na mimi," alisema mwishowe. "Mwambie hivi, mwambie vile. Mwambie kazi yake nzuri. Mwambie nimempenda. Maisha yangu yote watu wananitazama kama wanavyotazama bomba la maji. Mama anakufa, hawezi kusema, na hata yeye macho yake yalikuwa yanakutafuta wewe. Hakuna mtu aliyewahi kuvuka barabara kwa ajili yangu. Nikachukua kitu kimoja. Ndiyo. Nilichukua."

Nikasema kwa mikono yangu: nilichukua. Ndiyo, nilichukua. Pini aliitazama mikono ile bila kupepesa, na kwa muda nilihisi kama ni mimi niliyefanya.

"Na mwambie na hili," Dada akaongeza. Alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la siku za mvua dukani. "Angekuchoka. Mwanaume gani angelala na ile sauti masikioni? Nilikuokoa."

Nikasita. Pini akaona.

"Usinichagulie maneno," akaniambia. "Nimeshachaguliwa vya kutosha."

Nikayasema yote, mpaka neno la mwisho. Seremala naye akayaona, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi mke wake kumfikia. Tulimgeukia sote. Ilikuwa zamu yake, na kila mtu mezani alijua hivyo. Aliinua mikono yake mikubwa, akaitazama, akamwambia Pini:

"Nimezeeka."

"Hilo ndilo jibu?"

Alinyanyuka, akavuka barabara, akawasha msumeno. Hakuwa na kazi ya mtu siku hiyo. Aliukata ubao mzuri vipande vipande, na sisi wawili tuliokuwa na masikio tulikaa tukimsikiliza.

Hawakuachana. Hakuna aliyehama. Waliendelea kula meza moja, ila sasa Pini na Seremala walizungumza. Walizungumza wakila, wakisubiri chai, wakipishana kwenye ukumbi. Walizungumza mambo ya hovyo: bei ya vitambaa, mguu wa jirani, nani darasani ana mchumba. Dada alikaa katikati yao akigeuza kichwa huku na kule.

"Mnasema nini?" alimuuliza Pini kwa alama zao za zamani.

"Nguo," Pini alimjibu. Alama yenyewe ilikuwa kuvuta kola.

"Mnasema nini?"

"Nguo."

Dada alipungua. Mkanda wake niliuona umetobolewa tundu jipya. Alikuwa anaamini kwamba kila kicheko cha pale mezani kinamhusu, na baadaye kweli kikawa kinamhusu. Mwishowe alimwambia Pini: fundisha. Pini akakubali mara moja. Jioni baada ya jioni alimkalisha kwenye kiti kile cha kupimia mapindo na kumfundisha salamu, kwa uvumilivu mkubwa, akimnyoosha vidole kimoja kimoja.

Dada alikuja darasani amevaa gauni lake bora. Nilishangaa, nikafurahi, nikampa nafasi mbele. Alisimama wima, akatutazama sote kwa heshima, akafanya kwa mikono, vizuri kabisa, bila kukosea hata alama moja:

"Mimi ni kiboko. Nimemeza mume wa mtu. Nitukaneni."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Watu walipiga meza, walilia machozi. Dada aliona wamefurahi. Akatabasamu, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Wakacheka zaidi. Nilimtafuta Pini kwa macho. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja mikono, anatazama kwa makini, kama anavyotazama nguo mwilini mwa mteja kuona imekaa vipi. Seremala alikuwa pembeni yake, na yeye alicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani.

Ile sauti ndiyo iliyomshtua Dada. Alimjua mume wake. Alinigeukia na kuniuliza, na alikuwa na hakika kwamba hakuna mwingine atakayesikia.

"Mwalimu, nimesema nini?"

Nikamwambia.

Alichukua mkoba wake akatoka. Mlangoni alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaenda.

Seremala alikufa mwaka uliofuata, kwa kifua. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa. Hospitali walimweka karibu na dirisha, na wale wanawake wawili wakakaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Siku za mwisho hakuweza kuinua mikono, aliandika herufi juu ya shuka kwa vidole tu. Alimwandikia Pini. Ilichukua muda mrefu. Pini aliinama akaifuata herufi kwa herufi mpaka mwisho.

"Amesema nini?" Dada akamuuliza kwa alama zao za zamani. "Mimi. Amesema nini?"

Pini akakunja kiganja kama kikombe na kukipeleka mdomoni. Maji.

Dada akakimbia kutafuta maji. Aliporudi kutoka kwenye korido na bilauri, maji hayakuwa na wa kunywa. Hakuomba maji yule. Alichoandikiwa, Pini hajawahi kuniambia, na nimeshamuuliza.

Baada ya msiba, Dada alianza kuja nyumbani kwangu asubuhi, kabla ya darasa. Hakutaka herufi wala majina ya vitu. Alitaka sentensi moja. "Ile ya kweli, Mwalimu," alisema. "Usinifanye kama alivyonifanya." Nikaapa. Nikamfundisha kusema: nisamehe, mdogo wangu. Ilimpa taabu, viganja vyake vilikuwa vimekakamaa. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati langu mpaka nikaenda kuosha vyombo nikarudi.

Nilikuwepo siku aliyoisema. Nilikwenda kuchukua gauni langu. Pini alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, na Dada akaingia kutoka chumba cha nyuma, akasimama mbele ya meza mahali penye mwanga. Akangoja mdogo wake ainue macho. Kisha akaisema yote, polepole.

Pini akazima mashine. Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake moja moja. Akanyanyuka, akaizunguka meza, akaushika mkono wa dada yake. Nilidhani naona msamaha. Akakifungua kile kiganja, akakisogeza kidole gumba ndani kidogo, mahali kinapotakiwa kuwa. Akarudi nyuma hatua, akaashiria: rudia.

Dada akarudia. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Pini akatikisa kichwa. Akakisogeza kidole tena. Rudia.

Dada akarudia.

Pini akaangalia, akakubali kwa kichwa, akasema jambo fupi, akarudi kukaa. Alichukua pini zake, akazibana mdomoni, na mashine ikaanza.

Dada alibaki amesimama, mkono uko hewani umekaa sawasawa kama alivyowekewa. Akanigeukia.

"Amesema nini, Mwalimu?"

"Amesema sasa umepatia."

"Basi?"

"Basi," nikamwambia. Nikakunja gauni langu.